Kumtafutia mdogo wangu mtoaji wa uloto: tuwapime ndugu wote au tutangaze mitandaoni?

Mkaazi wa Tanga

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, amelazwa Dar es Salaam kwa mwezi wa pili sasa. Alianza kwa kutokwa na damu kwenye fizi na kuota madoa mekundu miguuni, nasi tukadhani ni upungufu wa vitamini, hadi alipopimwa damu na kisha kuchomwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, ndipo tulipoambiwa kwamba uloto wake (wengine wanauita uboho) umekauka na hautengenezi tena damu ya kutosha. Madaktari wanauita ugonjwa huo anemia ya aplastiki, na wametueleza kwamba kwa kijana wa umri wake tiba inayofikiriwa kwanza ni kupandikizwa uloto wa mtu mwingine, iwapo atapatikana mtu ambaye vinasaba vyake vinaoana na vyake.

Ninaomba msaada wa mawazo katika mambo matatu. Kwanza, familia yetu ni kubwa: marehemu baba alikuwa na wake wawili, tumezaliwa wanane kwa jumla, na kuna watoto wa baba mkubwa na wa mama wadogo wasiopungua ishirini ambao wote wamejitolea kupimwa. Kipimo kinalipiwa kwa kila kichwa, na fedha tulizonazo haziwezi kuwapima wote. Tuanze na nani? Pili, vijana wetu wametengeneza tangazo lenye picha ya mgonjwa wakiomba mtu yeyote mwenye damu ya kundi O ajitokeze, na limeshaanza kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Je, njia hiyo inaweza kutupatia mtoaji? Tatu, mama yetu anasema hatakubali binti yake yeyote atobolewe mgongo, kwa sababu ameambiwa kwamba atapooza au hatazaa. Tumjibu nini?

Mtu wa Maabara

Pole sana, ndugu yangu. Ninafanya kazi katika maabara ya damu, ingawa si katika kituo cha upandikizaji, kwa hiyo nitakayoyaeleza hayachukui nafasi ya maneno ya daktari wenu.

Naanza na tangazo, kwa kuwa limeshatoka. Ondoeni neno la kundi la damu. Upandikizaji wa uloto unaweza kufanyika hata kama mtoaji ni B na mgonjwa ni O, na baada ya muda mgonjwa huacha kundi lake na kufuata la mtoaji, kwa sababu damu yake sasa inatengenezwa na seli za yule mwingine. Kinachotafutwa ni ulinganifu wa HLA, yaani protini zilizo juu ya karibu seli zote za mwili, ambazo kinga huzitumia kupambanua nani mwenyeji na nani mgeni. Zikitofautiana sana, mwili wa mgonjwa unaweza kuukataa uloto mpya, au kinyume chake, seli za kinga zilizokuja na uloto huo zinaweza kuigeukia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa na kuvishambulia. Hatari hii ya pili ndiyo inayowatisha zaidi madaktari, na haipo katika upandikizaji wa figo kwa kiwango hicho.

Vinasaba vya HLA vimekaa kwa kukaribiana mno kwenye kromosomu ya 6, hata mtoto akavirithi kama fungu zima: fungu moja kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama. Baba ana mafungu mawili, na mama ana mawili, kwa hiyo kuna michanganyiko minne, na kila ndugu wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mchanganyiko uleule wa mgonjwa, nafasi mbili kati ya nne za kulingana naye nusu, na nafasi moja ya kutolingana naye kabisa.

Hapa ndipo neno letu la "ndugu" linapotuponza. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, na mtoto wa mama wa kambo ni ndugu, na ni aibu hata kuuliza zaidi ya hapo. Lakini hesabu niliyoitaja ni ya waliozaliwa na baba mmoja na mama mmoja tu. Mliozaliwa tumbo moja na mgonjwa, mkiwa hai na afya yenu inaruhusu, ndio wa kupimwa kwanza, na mpimwe wote kwa pamoja, si mmoja mmoja, maana kila wiki inayopita ni wiki ya mgonjwa kuongezewa damu na kukabiliana na maambukizi. Watoto wa mama wa kambo hawawezi kutegemewa kulingana naye kikamilifu. Wanaweza kulingana nusu, kupitia fungu la baba. Binamu ishirini waacheni kwanza, na muwashukuru.

Lakini wasikae bure. Mgonjwa wenu anatumia damu nyingi, na hasa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo hazihifadhiki zaidi ya siku chache. Waende wakachangie benki ya damu. Ila kuna tahadhari ambayo familia nyingi hazielezwi: damu ya ndugu wa karibu isielekezwe kwa mgonjwa mwenyewe wakati upandikizaji unafikiriwa. Mwili wake unaweza kujenga kinga dhidi ya seli za ndugu huyo, na siku ndugu huyohuyo atakapokuwa ndiye mtoaji wa uloto, uloto ukakataliwa. Mwambieni daktari na mtu wa benki ya damu mapema, tena kwa maneno yaliyo wazi, kwamba damu ya ndugu itolewe kwa ajili ya wagonjwa wengine.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Kipimo cha HLA kinasoma urithi wa baba na mama, hivyo kinaweza kufichua siri ya nani ni mtoto wa nani. Kila anayepimwa aulizwe faraghani kama anaridhia, na majibu yake apewe yeye kwanza, badala ya kusomwa mbele ya kikao cha ukoo.

Mama wa Watoto Watatu

Dada au kaka uliyeuliza, nawapa pole kama mtu aliyepita njia hiyo. Kifungua mimba wangu ana selimundu, na mwaka 2023 tulipopata habari kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huo kwa kutumia ndugu zao, sikulala usiku ule. Nina watoto wengine wawili. Nilikuwa nimeshika ile hesabu ya moja kati ya nne, nikaichanganya na matumaini yangu, nikawa najiambia kwamba wawili ni nusu ya wanne, basi nusu ya kazi imekwisha.

Sivyo hesabu hiyo inavyokwenda. Kila mtoto anachukua kura yake upya, bila kujali walichopata waliomtangulia. Daktari alinifanyia hesabu kwenye karatasi: ukiwa na mtoto mmoja wa kupimwa, nafasi ya kumpata anayelingana ni asilimia 25, wakiwa wawili ni takribani asilimia 44, wanne, asilimia 68, sita, asilimia 82. Haifiki mia hata ukizaa timu ya mpira. Wawili wangu hawakulingana na kaka yao, na mwanangu anaendelea na vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo kwa kweli vimempunguzia maumivu sana. Ninalisema hili ili mjiandae kwa majibu ya aina zote, na hasa mumwandae mgonjwa, maana kijana wa miaka 19 anasoma nyuso za watu kabla hawajafungua mdomo. Waandaeni pia watakaopimwa. Binti yangu wa kati, aliyekuwa na miaka 9, alilia akisema ameikataa damu ya kaka yake, kana kwamba alichagua.

Kuhusu mama yenu: hofu yake naielewa, kwa kuwa hata mimi nilidhani uloto unatolewa kwenye uti wa mgongo. Maneno yanatuchanganya. Kilicho ndani ya uti wa mgongo ni mishipa ya fahamu, na hakiguswi kabisa. Uloto wa mtoaji huvutwa kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, pale juu ya makalio, akiwa amelala kwa nusu kaputi. Hauhusiani na kizazi, na mwili unaurudisha wenyewe baada ya wiki chache.

Mombasa hadi Leicester

Naomba niingie kama mtoaji, si kama mtaalamu. Nilizaliwa Mombasa na ninaishi Uingereza, na miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 27, nilitoa seli shina, yaani zile seli za uloto zinazotengeneza damu, kwa mtu ambaye hadi leo sijamjua.

Nilijiandikisha katika daftari la Anthony Nolan, ambalo historia yake inahusu hasa swali hili. Mwaka 1974 mama mmoja aitwaye Shirley Nolan, ambaye mwanawe Anthony alizaliwa na ugonjwa wa kinga na hakuwa na ndugu wa kulingana naye, alianzisha London daftari la watu wasio na udugu wowote na wagonjwa, lakini walio tayari kutoa uloto wao wakihitajika. Anthony alifariki mwaka 1979 bila kupata mtoaji. Daftari lilibaki, na mengine yakafuata: Marekani mwaka 1986, Afrika Kusini mwaka 1991, Nigeria mwaka 2012. Leo madaftari ya nchi nyingi yameunganishwa kwa kompyuta, na daktari wa kituo cha upandikizaji anaweza kutafuta miongoni mwa watu zaidi ya milioni 40 kwa siku moja. Zingatia nilivyosema: daktari wa kituo. Familia haiwezi kuingia na kutafuta yenyewe. Majibu ya HLA ya mgonjwa yakishapatikana, kiombeni kituo kitakachompokea kifanye utafutaji huo.

Sasa habari isiyopendeza. Milioni 40 ni wengi, lakini wengi wao asili yao ni Ulaya, na HLA hufuata asili ya mtu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kupata mtoaji anayelingana naye kikamilifu katika daftari la nchi hiyo, lakini kwa makundi ya watu weusi nafasi ilikuwa kati ya asilimia 16 na 19. Uchache wa watu weusi waliojiandikisha ni sababu moja tu. Sababu ya pili ni kwamba binadamu ameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingineko, na vinasaba vyetu vimetofautiana sana sisi kwa sisi. Mtu wa Tanga na mtu wa Mbeya wanaweza kufanana sura na lugha na wasifanane HLA hata kidogo. Ndiyo maana sikuvunji moyo, lakini sikuambii pia kwamba tangazo la WhatsApp litakupatia mtoaji. Hata likiwafikia watu elfu moja, bado wangepaswa kupimwa kila mmoja, kwa fedha za nani?

Kuhusu kutoa kwenyewe: kwa njia ya posta niliombwa kujisugua ndani ya mashavu kwa vijiti vyenye pamba. Zaidi ya miaka miwili nikasahau. Kisha nikapigiwa simu, nikapimwa tena damu na afya yote, nikaulizwa zaidi ya mara moja kama bado nataka, na nikaelezwa jambo lililonikaa kichwani: ningeweza kughairi wakati wowote, lakini nikighairi baada ya mgonjwa kuanza dawa za kuua uloto wake wa zamani, huenda akafa, kwa hiyo kama nina shaka niiseme sasa. Nilichomwa sindano kwa siku nne mfululizo za kuzifanya seli shina zitoke mifupani na kuingia kwenye damu. Mifupa iliniuma kama homa ya malaria inapoanza, nikanywa paracetamol. Siku ya tano nililala karibu na mashine kwa saa nne hivi, damu ikitoka mkono mmoja, ikichujwa na kurudi mkono wa pili. Sikulazwa. Wengi wa watoaji siku hizi hutoa kwa njia hii. Hata hivyo, nimewahi kusikia kwamba kwa ugonjwa wa mdogo wako madaktari hupendelea uloto wenyewe wa nyongani. Mtu wa Maabara atanisahihisha.

Mtu wa Maabara

Umesikia sawa. Kwa anemia ya aplastiki, seli zinazokusanywa kwa mashine huongeza uwezekano wa mtoaji kumshambulia mpokeaji, na tofauti na saratani ya damu, ambako mashambulizi kidogo husaidia kusaka mabaki ya saratani, hapa hayana faida yoyote. Kwa hiyo nusu kaputi na mfupa wa nyonga, mara nyingi.

Mzee wa Pemba

Nina neno moja tu juu ya binamu. Sisi wa pwani na visiwani, na jamaa zetu wa Oman, tumeoana binamu kwa binamu kwa vizazi. Ikiwa wazazi wa mgonjwa wana udugu wa damu, mafungu yaleyale ya urithi huzunguka ndani ya ukoo, na mtu anayelingana na mgonjwa anaweza kupatikana nje ya tumbo moja. Muulizeni mama kuhusu nasaba kabla ya kuwaondoa wale ishirini wote.

Mtu wa Maabara

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Hilo nililipita, na lilikuwa la kusemwa.

Mkaazi wa Tanga

Nawashukuru sana nyote. Mimi ni kaka, na ndiye wa pili kuzaliwa. Tangazo tumeliondoa, na mahali pake tumeweka ombi la watu kuchangia benki ya damu. Binamu tisa wamekwenda leo. Mzee wa Pemba, shikamoo. Nimemuuliza mama, naye amesema yeye ni wa Pangani na baba alikuwa mtu wa Lushoto, wala hapakuwa na udugu baina yao. Waliozaliwa na mama yetu mmoja tulio hai, ukimtoa mgonjwa, ni wanne: mimi, dada wawili, na kaka yetu aliyeko Muscat. Nimeona kwenye hesabu ya Mama wa Watoto Watatu kwamba kwa wanne ni asilimia 68.

Bado ninabaki na asilimia 32, na ndizo zinazoninyima usingizi. Ikiwa hakuna hata mmoja wetu anayelingana naye, na daftari la dunia likakosa, ndiyo basi?

Mtu wa Maabara

Hapana, si basi. Kuna njia mbili, na daktari ndiye atakayezipanga.

Njia ya kwanza haihitaji mtoaji kabisa: ni dawa za kutuliza kinga, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huu hutokana na kinga ya mgonjwa mwenyewe kuushambulia uloto wake. Hutumika dawa inayotengenezwa kutoka kwenye damu ya farasi, pamoja na siklosporini, na siku hizi huongezwa eltrombopagi. Wagonjwa wengi huitikia, japo huchukua miezi, na kwa baadhi yao ugonjwa hurudi.

Njia ya pili ni mtoaji anayelingana nusu. Zamani ilikuwa hatari mno. Madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani walionyesha kwamba mgonjwa akipewa dawa iitwayo siklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa, seli za mtoaji zilizo na hasira huuawa, na zile shina husalimika. Jambo hili limebadilisha hali ya wagonjwa wa asili yetu kuliko daftari lolote, kwa kuwa mzazi hulingana na mtoto wake nusu daima, na ndugu wa kambo wa upande wa baba ana nafasi moja kati ya mbili. Kwa hiyo msiwafungie mlango wale watatu wa mama wa kambo. Wao wanasubiri zamu ya pili, na waelezwe hivyo kwa heshima, wasije wakadhani wamebaguliwa kwa ajili ya mama yao.

Kaka wa Muscat si lazima asafiri kwa ajili ya kipimo. Daktari wenu aandike barua, apimwe HLA hukohuko, na majibu yatumwe. Mwambieni tu ahakikishe kipimo ni cha kina kama kile cha mgonjwa, ili majibu yaweze kulinganishwa.

Mombasa hadi Leicester

Nami naongeza moja. Atakayelingana apatiwe daktari wake mwenyewe, asiye daktari wa mgonjwa. Kwetu huku ndivyo ilivyokuwa, na nilielewa sababu siku ile presha yangu ilipokutwa juu: yule daktari aliniangalia mimi tu, hakuwa na mgonjwa mwingine akilini.

Mkaazi wa Tanga

Tumekubaliana. Sisi watatu tuliopo nchini tutatoa damu ya kipimo Jumatatu asubuhi, na kaka wa Muscat ameshapata miadi. Watoto wa mama mdogo, yaani ndugu zetu wa kambo, nimewapigia mwenyewe nikawaeleza juu ya zamu ya pili, na mkubwa wao amejibu kwamba yeye hata zamu ya kumi atasubiri.

Mama nimemsomea maelezo yote kwa sauti, mara mbili, na pale pa mfupa wa nyonga alinisimamisha, akajishika kiunoni kwa nyuma kupima ni wapi hasa. Dada yetu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akihofiwa zaidi, amesema atakuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti cha maabara. Mama hakumkataza. Ameuliza swali moja tu, ambalo nimeshindwa kumjibu: siku ya kutolewa uloto, mtu hulazwa chali au kifudifudi?

Mama wa Watoto Watatu

Kifudifudi, kaka yangu. Mwambie anafunikwa vizuri, na anapoamka anakuta bandeji mbili ndogo tu.